Adhabu kwa Anayeendesha Abiria Akiwa Amelewa: Uzito wa Kifungo na Uzito wa Ushahidi

Sheria zinazowaadhibu wanaoendesha vyombo vya usafiri wa umma wakiwa wamelewa ni za kundi ambalo wanasheria huliita jinai ya hatari, yaani kosa linalokamilika mara tu hatari inapoanzishwa hata kama hakuna aliyeumia. Kundi hilo hutofautiana na jinai ya madhara, ambayo haiwi kosa mpaka patokee jeraha, kifo au uharibifu wa mali. Tofauti hiyo ina matokeo mazito, kwa sababu mahakama inayohukumu kosa la aina ya kwanza haina maiti wala mabaki ya ajali ya kuyatazama. Ina kipimo cha pumzi au cha damu, maneno ya mashahidi waliosikia harufu, na saa zilizopita kati ya glasi ya mwisho na safari. Kwa hiyo nguvu ya sheria ya namna hii haipimwi kwa idadi ya miaka ya kifungo iliyoandikwa ndani yake. Hupimwa kwa namna inavyojibu maswali matatu: nani amelewa, wakati gani anahesabiwa kuwa anaendesha, na ushahidi wa hali yake unapatikanaje kabla haujayeyuka.

Marekani inatoa mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kina, kwa kuwa bunge la nchi hiyo lililitungia jambo hili kosa la pekee katika sheria ya shirikisho, mbali na sheria za ulevi barabarani ambazo kila jimbo lilikuwa nazo tayari. Mwaka 1986, ndani ya sheria pana ya kupambana na dawa za kulevya, iliongezwa Sura ya 17A katika Juzuu ya 18 ya sheria za nchi hiyo, na kifungu chake cha 342 kikatamka kuwa ni kosa kwa mtu yeyote kuendesha, au kuelekeza uendeshaji wa, chombo cha mchukuzi wa umma akiwa chini ya athari ya pombe au dawa iliyodhibitiwa. Mchukuzi wa umma, kwa maana ya kisheria, ni yule anayejitangaza kubeba mtu yeyote anayelipa nauli bila kubagua, na sura hiyo iliorodhesha vichwa vya treni, kampuni za reli, mabasi yanayosafirisha abiria kati ya jimbo na jimbo, vyombo vya majini na ndege za abiria. Adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 5, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1988, ikapandishwa hadi miaka 15.

Sababu ya kulitenga kosa hili na ulevi wa dereva wa gari binafsi haiko katika idadi ya abiria pekee, ingawa idadi ina uzito wake. Anayepanda gari la rafiki yake anaweza kunusa pumzi zake, kuuona mkono unaotetemeka na kukataa kuingia, ilhali abiria wa ndege yuko nyuma ya mlango uliofungwa, abiria wa treni hajawahi kumwona anayeiendesha, na abiria wa basi la saa kumi na moja alfajiri amelipa nauli jana yake kwa mtu mwingine kabisa. Abiria amenyang'anywa uwezo wa kujilinda kwa macho yake mwenyewe, na kwa kuwa mpangilio wa usafiri ndio uliomnyang'anya uwezo huo, ni haki dola ibebe wajibu wa kumwangalia kwa niaba yake. Hoja hii ina nguvu kuliko ile inayosikika mara nyingi, kwamba dereva wa umma aadhibiwe zaidi kwa kuwa analipwa; malipo hayaongezi hatari, bali kutokuonekana kwa mlevi ndiko kunakoiongeza.

Mtihani mkubwa wa kwanza wa kifungu hicho ulikuja Machi 8, 1990, pale marubani wawili na mhandisi wa ndege ya Northwest Airlines, Boeing 727 iliyobeba abiria 91, waliporuka asubuhi kutoka Fargo, North Dakota, na kutua salama Minneapolis, baada ya usiku wa kunywa katika baa moja ya mji jirani wa Moorhead. Taarifa ya siri ilikuwa imemfikia mkaguzi wa mamlaka ya anga kabla ya safari, naye akaenda kuwaona, lakini utaratibu wa wakati huo haukumpa njia ya wazi ya kuwazuia papo hapo, na alipokwenda kutafuta maelekezo kwa simu ndege iliondoka. Vipimo vilivyochukuliwa Minneapolis vilionyesha kiwango cha pombe katika damu cha asilimia 0.13 kwa rubani mkuu, 0.08 kwa mhandisi na 0.06 kwa rubani msaidizi, na asilimia hapa ina maana ya gramu za pombe katika mililita 100 za damu. Hakuna abiria aliyejeruhiwa na hakuna kifaa kilichoharibika. Hata hivyo, wote watatu walitiwa hatiani mwaka huohuo, rubani mkuu akahukumiwa miezi 16 gerezani na wenzake miezi 12 kila mmoja.

Kesi hiyo ilifunua kitendawili kilichomo katika maneno "chini ya athari". Kifungu cha 343 kilikuwa kimeweka dhana ya kisheria, yaani hitimisho ambalo mahakama inaruhusiwa kulifikia kutokana na ukweli mmoja uliothibitishwa bila kudai uthibitisho wa kila hatua: mwenye kiwango cha 0.10 au zaidi alichukuliwa kuwa amelewa. Rubani mkuu alikuwa juu ya mstari huo, na utetezi wake ukawa kwamba yeye ni mraibu wa pombe ambaye mwili wake umezoea, hivyo kiwango ambacho kingemwangusha mtu mwingine hakikumharibia umakini. Wenzake wawili walikuwa chini ya mstari, na bado walitiwa hatiani, kwa sababu dhana hiyo ni msaada wa ushahidi tu na haikuwa mpaka wa kosa. Upande wa mashtaka uliweza kuthibitisha athari kwa njia nyingine, ikiwamo kanuni ya anga inayomkataza mhudumu wa ndege kuwa kazini akiwa na 0.04 au zaidi, au kabla ya saa 8 kupita tangu alipokunywa.

Hoja ya mazoea ya mwili inastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa inasikika pia katika vijiwe vya madereva, ambako huelezwa kuwa fulani akipiga chupa mbili ndipo anaendesha vizuri zaidi. Ni kweli kwamba mraibu huweza kutembea wima na kuzungumza bila kuyumba akiwa na kiwango ambacho kingemlaza mtu asiyezoea. Lakini mazoea hayo hulinda matendo ya kila siku, yale ambayo mkono umeyarudia mara elfu, na hayalindi kwa kiasi hichohicho uamuzi wa ghafla, uangalizi wa mambo mawili kwa wakati mmoja au mwitikio wa jambo lisilotarajiwa. Chombo cha abiria huendeshwa kwa mazoea karibu muda wote, na huhitaji akili timamu katika sekunde chache ambazo mazoea hayatoshi. Kwa hiyo safari iliyofika salama haithibitishi kwamba aliyeiendesha alikuwa salama, na mahakama ilifanya vyema kuukataa utetezi huo.

Jambo jingine linaloonekana katika hukumu ile ni pengo kati ya miaka 15 ya kwenye kitabu na miezi 16 ya kwenye gereza. Pengo hilo halikutokana na huruma ya jaji. Majaji wa mahakama za shirikisho za Marekani hutumia mwongozo wa adhabu, yaani jedwali linaloipa kila jinai daraja na kila daraja kiwango chake cha miezi, na kwa kosa hili mwongozo uliweka madaraja matatu: daraja la 26 pale kifo kinapotokea, la 21 pale pana majeraha makubwa, na la 13 kwa hali nyingine zote. Kwa mtu asiye na rekodi ya uhalifu, daraja la 13 ni miezi 12 hadi 18, la 21 ni miezi 37 hadi 46, na la 26 ni miezi 63 hadi 78. Maana yake ni kwamba hata mlevi aliyesababisha kifo, akiwa hana kosa la awali, hupendekezewa chini ya nusu ya ile miaka 15, na kwamba jinai ya hatari, baada ya kupita mlango wa mbele wa sheria, imegawanywa upya kwa ndani kulingana na madhara. Tangu mwaka 2005 mwongozo huo ni ushauri, haumfungi tena jaji, lakini bado ndipo mahali anapoanzia kuhesabu.

Miaka 12 baada ya Fargo, tukio la Miami lilionyesha jinsi swali la pili, la wakati gani mtu anaendesha, linavyoweza kubeba kesi nzima. Julai 1, 2002, marubani wawili wa America West waliokuwa waondoke kwenda Phoenix walishukiwa na wakaguzi wa usalama walipokuwa wakipita, na ndege yao, iliyokuwa imekwisha kusukumwa kutoka mlangoni, ikarudishwa. Vipimo vilivyochukuliwa baadaye vilikuwa 0.091 na 0.084, yaani chini ya dhana ya shirikisho ya 0.10 lakini juu ya kikomo cha jimbo la Florida cha 0.08. Waendesha mashtaka wa jimbo ndio walioishika kesi, na utetezi ukapinga kwa hoja kwamba usafiri wa anga ni eneo la serikali ya shirikisho na kwamba kanuni zake ziliyaachia majimbo nafasi ya kushtaki pale tu uzembe unapoleta kifo, jeraha au uharibifu. Mahakama ya wilaya ya shirikisho iliikubali hoja hiyo, mahakama ya rufaa ikaondoa kizuizi mwaka 2004, na kesi ikarudi Miami. Huko marubani walijitetea kwamba ndege inayosukumwa na gari la kuvuta haiendeshwi na aliyeketi mbele, bali na dereva wa gari hilo.

Utetezi huo haukuwa wa kipuuzi. Kitenzi "kuendesha" kikichukuliwa kwa maana finyu, anayewasha injini bila kutia gia, anayeshikilia usukani wa basi linalovutwa, na nahodha wa meli ambayo bado haijang'oa nanga, wote hubaki nje ya sheria. Maana pana huwatia ndani wote waliokwisha kuchukua madaraka ya chombo kwa ajili ya safari iliyoanza kutayarishwa, na hiyo ndiyo maana inayolingana na lengo la jinai ya hatari, kwani dola inayolazimika kusubiri magurudumu yaache ardhi ndipo iseme kosa limetimia imeshachelewa. Mwaka 2005 marubani hao walipatikana na hatia, mmoja akahukumiwa miaka 5 na mwingine miaka 2 na nusu. Msomaji atagundua hapa kasoro isiyoweza kutetewa kwa kanuni yoyote: waliowarusha abiria 91 hewani wakiwa wamelewa walipata mwaka mmoja na zaidi kidogo, na ambao ndege yao haikuacha ardhi walipata mara kadhaa zaidi, kwa sababu tu ya mlango wa mahakama ulioingiwa.

Swali la tatu, la ushahidi, ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa pombe ni shahidi anayeondoka. Ini la mtu mzima hupunguza kiwango cha pombe katika damu kwa takribani 0.015 kila saa, na kila saa ya kuchelewa kupima huwalazimisha wataalamu kuhesabu kurudi nyuma, hesabu ambayo wakili mzuri anaweza kuitikisa kwa kuuliza mshtakiwa alikula nini, ana uzito gani na alikunywa lini mara ya mwisho. Nahodha wa meli ya mafuta ya Exxon Valdez, iliyokwama Alaska Machi 24, 1989, alipimwa saa nyingi baada ya tukio, na mwaka uliofuata aliachiliwa kwa shtaka la kuendesha chombo akiwa amelewa, akabaki na kosa dogo la uzembe uliomwaga mafuta. Meli hiyo haikuwa ya abiria, lakini fundisho la ushahidi ni lilelile. Katika ajali ya treni ya chini ya ardhi ya New York, Agosti 28, 1991, karibu na kituo cha Union Square, ambapo watu 5 walikufa, dereva aliondoka eneo la tukio na kupatikana saa kadhaa baadaye, na kiwango chake bado kilizidi mara mbili ya kikomo. Yeye alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, chini ya sheria ya jimbo.

Ajali hiyo, pamoja na ile ya Chase, Maryland, ya Januari 4, 1987, ambapo vichwa vya treni vya Conrail vilipita ishara ya kusimama na treni ya abiria ya Amtrak ikavigonga, watu 16 wakafa na waendeshaji wa vichwa hivyo wakakutwa na dalili za bangi mwilini, ndizo zilizobadilisha mkazo wa sheria kutoka kwenye kifungo kwenda kwenye upimaji. Vyama vya wafanyakazi wa reli vilikuwa vimepinga upimaji wa lazima kama upekuzi usio na hati ya mahakama, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwaka 1989, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba usalama wa reli ni hitaji maalumu linaloruhusu upimaji baada ya ajali bila hati. Oktoba 1991, miezi miwili baada ya Union Square, ikapitishwa sheria iliyoeneza upimaji wa kushtukiza kwa marubani, waendeshaji wa treni, madereva wa mabasi na malori makubwa, na wafanyakazi wa usafiri wa mijini. Chini ya kanuni zake dereva wa basi haruhusiwi kunywa ndani ya saa 4 kabla ya zamu. Akipimwa na kukutwa na 0.04 huondolewa kazini mpaka atathminiwe na mtaalamu, na akiwa kati ya 0.02 na 0.04 husimamishwa kwa saa 24. Kipimo cha kwanza kikifika 0.02 au zaidi, husubiriwa dakika 15 kabla ya cha pili, ili pombe iliyobaki mdomoni isimtie hatiani mtu asiye na kosa.

Hatua hizi ni za kiutawala, hazina jela ndani yake, na huenda ndizo zinazookoa maisha zaidi. Dereva anayejua kuwa anaweza kuitwa kupimwa asubuhi yoyote hupanga usiku wake kwa namna tofauti na yule anayejua kwamba kuna miaka 15 mbali huko, baada ya ajali ambayo anaamini haitamtokea yeye. Uhakika wa kukamatwa humgusa mtu kabla ya kosa, ilhali ukubwa wa adhabu humfikia mara nyingi baada yake, na mlevi, ambaye uwezo wake wa kupima matokeo ya mbali ndio wa kwanza kupungua, ni mtu wa mwisho kutishwa na tarakimu.

Mjadala huu hauko mbali na Afrika Mashariki. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya hakimwadhibu mtu kwa kuwa amekunywa. Humwadhibu kwa kuendesha akiwa chini ya athari ya kilevi kwa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Kanuni za mwaka 2011 zilizoleta kipimo cha pumzi, kilichozoeleka kwa jina la Alcoblow, ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, na Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni hizo zimekwenda kinyume na sheria mama, kwa kuwa namba imechukua mahali pa kushindwa kudhibiti gari bila bunge kubadili kifungu chenyewe. Uamuzi huo uliwaudhi wengi waliochoshwa na ajali za matatu na mabasi ya usiku, lakini kwa hoja ya kisheria ulikuwa na msingi: namba inayompeleka mtu jela inapaswa kuandikwa na bunge. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2003, bunge lake lilipoandika ndani ya sheria yenyewe kikomo cha miligramu 20 katika mililita 100 za damu kwa wahudumu wa ndege, robo ya miligramu 80 anazoruhusiwa dereva wa kawaida wa England, na kuweka kifungo kisichozidi miaka 2. Rubani msaidizi wa Japan Airlines aliyekamatwa Heathrow Oktoba 2018 akiwa na miligramu 189, baada ya dereva wa basi la wafanyakazi kusikia harufu, alifungwa miezi 10 kabla mwezi mmoja na siku chache hazijapita tangu akamatwe, kwa sababu namba ilikuwa wazi na hakukuwa na la kubishaniwa.

Kwa dawa za kulevya hali ni mbaya zaidi kila mahali. Kifungu cha 343 kilisema mtu achukuliwe kuwa ameathirika endapo kiasi cha dawa mwilini kingetosha kuvuruga utambuzi, fikra au mwendo wa mtu wa wastani, lakini mabaki ya bangi huweza kuonekana katika mkojo siku nyingi baada ya athari kwisha, na hakuna kiwango cha damu kinachokubaliwa na wataalamu wote kuwa ni mpaka wa ulevi. Mahali ambapo mirungi hutafunwa ili kuukimbiza usingizi katika safari ndefu, tatizo huwa la aina nyingine kabisa, kwa kuwa kinachotafutwa na dereva ni ukesha, na ratiba ya safari ndiyo inayomsukuma kuutafuta.

Hapo ndipo maneno "au kuelekeza uendeshaji" ya kifungu cha 342 yanapostahili kutazamwa upya. Kwa maandishi yake kifungu humgusa anayeelekeza akiwa yeye mwenyewe amelewa, na hakimgusi meneja mwenye akili timamu anayempa funguo dereva ambaye kila mtu stendi anajua amekesha baa. Askari wa usalama barabarani wanaowapima madereva alfajiri kabla mabasi hayajaondoka wanafanya kazi ambayo mwenye chombo alipaswa kuwa ameimaliza, na sheria inayomwachia askari peke yake haijamfikia aliye na uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia. Mwenye basi anayelazimishwa kupima kila zamu na kuhifadhi matokeo, akijua kwamba kukosekana kwa rekodi ni kosa lake mwenyewe mahakamani, hana sababu ya kujifanya hakusikia harufu.

Wajibu huo hautafanya kazi bila mlango wa kujitokeza. Marubani wa Marekani wamekuwa nao tangu miaka ya 1970, katika mpango unaoendeshwa kwa ushirikiano wa mashirika ya ndege, vyama vya marubani na mamlaka ya anga, ambao humwezesha mraibu kutibiwa, kufuatiliwa na kurejeshewa cheti chake. Rubani mkuu wa kesi ya Fargo, baada ya kifungo na miaka ya kutokunywa, alirudi kuruka katika shirika lilelile, akastaafu akiwa nahodha wa Boeing 747, na mwaka 2001 akasamehewa na Rais Bill Clinton. Dereva wa basi la mikoani anayekiri kwa mwajiri wake kwamba pombe imemshinda hana ulinzi wa namna hiyo. Hupoteza kazi siku hiyohiyo, na mwenzake aliyeyaona hayo hujifunza kunyamaza na kutafuna karafuu kabla ya kupanda garini. Kwa sababu hiyo, bunge lolote la ukanda huu litakaloandika kikomo cha chini kwa madereva wa abiria linapaswa kutunga pamoja nacho kifungu kinachomkinga na kufukuzwa anayejitangaza kabla ya kupangiwa zamu, na kinachoiondoa kinga hiyo mara tu anapoketi nyuma ya usukani.